Kumwandaa mhandisi kwa kazi ya kinga ya mwili: mwongozo wa miezi sita

Karatasi ya maelekezo ilisema: zungusha damu kwa mizunguko 1500 kwa dakika, nusu saa. Mteknolojia wetu wa maabara alifanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu pete nyeupe ya seli tuliyokuwa tukiitafuta ilitoka hafifu, imechanganyika na damu nyekundu. Tukalaumu kitendanishi, yaani kimiminika cha kutenganishia seli. Tukalaumu joto la chumba. Barua ya kuagiza chupa mpya ilikuwa imeshaandikwa pale mhandisi kijana, akiwa katika wiki yake ya pili kwetu, aliposema, "Mama, naomba rula." Akafunua mfuniko wa sentrifuji, yaani ile mashine ya kuzungushia damu, akapima kutoka kwenye mhimili hadi kitako cha mrija: sentimita 10. Kisha akauliza mashine ya maabara ilikotoka ile karatasi ina urefu gani hapo. Tulipopiga simu tukaambiwa 16.

Hesabu yake ni fupi. Zidisha 0.00001118 kwa huo urefu wa sentimita, kisha zidisha kwa mizunguko iliyopigwa kipeo cha pili. Unapata ni mara ngapi ya nguvu ya mvuto wa dunia. Mizunguko 1500 kwenye mashine yao ilitoa mara 402. Kwenye yetu, 252 tu. Tukapandisha hadi 1900, ikafika 404, na pete ikatoka safi. Chupa ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Wiki iliyofuata kijana huyohuyo alifuta kwenye jedwali matokeo ya mchangiaji mmoja wa damu kwa sababu limfosaiti zake, aina ya seli nyeupe za kinga, "ziko nje ya kiwango". Mashine ilikuwa sawa na mkono ulikuwa sawa. Yule mtu alikuwa ndiyo kwanza ameamka kitandani kwa malaria, na malaria ikipamba moto limfosaiti hupungua kwenye damu. Namba iliyofutwa ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Siku hizo mbili ndizo zilizonifanya nipange mafunzo haya upya. Mhandisi anakuja na jicho ambalo maabara ya kinga ya mwili inalihitaji sana, ila amelelewa kuamini kwamba kinachotofautiana na mchoro ni kasoro. Mwili hauna mchoro. Kazi ya mkufunzi ni kumwachia jicho lake na kumwondolea imani hiyo.

Kabla ya yote: chagua watu, na chagua wawili

Usimchukue mhandisi mmoja peke yake. Akiwa mmoja, baada ya mwezi atakuwa fundi wa kutengeneza majokofu na printa, maana kila mlango utamwita. Chukua wawili, na kila mmoja umfunge kwa mteknolojia wa maabara mwenye uzoefu, wawe jozi kwa miezi yote sita. Mteknolojia naye atoke na kitu: afundishwe hesabu na utunzaji wa mashine.

Fani ya mhandisi haina uzito sana. Nimeona wa umeme, wa mitambo, wa kemia na wa programu wakifika vizuri. Wa vifaa tiba wanaanza mbele kidogo kwa sababu wameshazoea hospitali. Alama za baiolojia za kidato cha nne usizitazame. Kwenye usaili mimi huweka mezani kifaa kibovu chochote, hata mizani ya jikoni, na kumwambia mtu aniambie ana uhakika gani na namba inayoonyesha. Anayekimbilia kufungua skrubu namwandika chini. Anayeanza kwa kupima kitu kilekile mara tano namwandika juu.

Wape pia historia, kwa nusu saa tu, ili wasijione wageni. Wallace Coulter, Mmarekani aliyesomea uhandisi wa umeme, alipata hataza mwaka 1953 ya njia ya kuhesabu seli kwa kuzipitisha kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme: kila seli inayopita inaukatiza mkondo kidogo, na mkatizo huo unahesabika. Mwaka 1965 mhandisi Mack Fulwyler, huko Los Alamos, aliunganisha wazo hilo na ufundi wa kurusha matone ya wino, akapata mashine ya kutenganisha seli moja moja. Fani hii imejengwa na wahandisi tangu zamani.

Wiki ya kwanza: usalama na ridhaa

Hapa hakuna mjadala. Chanjo ya homa ya ini aina B ianze kabla mtu hajagusa mrija wa damu. Dozi ni tatu: ya mwanzo, ya baada ya mwezi 1 na ya mwezi wa 6, kwa hiyo anayechelewa kuanza anamaliza mafunzo bila kuikamilisha. Kila mmoja ajue, bila kuuliza, nani anapigiwa simu mtu akijichoma sindano. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Wafundishwe kufanya kazi ndani ya kabati la usalama wa kibayolojia, na hapo mhandisi ana somo lake la pekee: apime mtiririko wa hewa kwa uzi au moshi, aone kwa macho jinsi mkono unaopita haraka mbele ya kabati unavyovunja pazia la hewa.

Halafu mpeleke chumba cha kutolea damu, akae kimya asubuhi nzima. Amsikilize muuguzi akimweleza mtu damu yake itatumika kwa nini, na kwamba anaweza kukataa bila kupoteza huduma yoyote. Amwone mama aliyeacha genge lake tangu saa 12 asubuhi ili aje kutoa mililita 20. Mhandisi aliyeona hilo hatasema "sampuli imeharibika, leteni nyingine" kirahisi.

Mwezi wa kwanza: baiolojia kwa mwiba mmoja

Vitabu vya somo hili ni vinene na vimejaa majina. Ukimwanzisha mhandisi kwa majina atayakariri na hataelewa kitu. Mimi naanza na mwiba.

Mtoto amekanyaga mwiba, ukavunjikia ndani. Ndani ya saa chache pamevimba, pana joto, panauma. Mwambie mhandisi: mishipa midogo imepanuka na kuvuja kwa makusudi, ili seli nyeupe zipate njia. Wa kwanza kufika kwa wingi ni nyutrofili. Wanameza vijidudu na kufa hapohapo, na mizoga yao ndiyo sehemu kubwa ya usaha. Makrofaji wanafuata, wanasafisha na kuita wengine kwa kutoa saitokaini, yaani protini ndogo ambazo seli hupelekeana kama ujumbe.

Siku ya pili au ya tatu mtoto anachechemea zaidi, lakini sasa analalamikia kinena. Bibi anapapasa na kusema, "Ametoka mtoki." Kila aliyekulia kwetu anaujua mtoki, na hapo ndipo penye somo lote. Seli za dendriti zimebeba vipande vya kijidudu kutoka unyayoni hadi kwenye tezi ya kinena. Kwa nini zisafiri hivyo? Mwachie mhandisi swali hilo usiku mzima, na mpe namba moja: seli T (limfosaiti zinazotambua adui) zinazoweza kukitambua kipande fulani ni kama moja kati ya laki moja hadi milioni. Kuzisambaza unyayoni zisubiri haiwezekani. Kuna unyayo mwingi mno. Inabidi pawe na mahali pa kukutania, ambapo seli T zinapita kwa zamu na habari zinaletwa. Mhandisi aliyewahi kugusa mitandao ya simu anafika kwenye jibu hili mwenyewe, na akifika mwenyewe halisahau.

Kisha swali la muda. Mbona kingamwili, yaani protini ambazo seli hutoa ili kumnasa kijidudu, zinachukua siku nyingi kujaa kwenye damu? Mpe kalamu. Seli moja ikigawanyika mara 14 inakuwa 16,384. Kila mgawanyiko unahitaji saa kadhaa. Ucheleweshaji hautokani na uvivu wa mwili, unatokana na hesabu ya kuzidisha kwa mbili. Na chanjo inafanya nini? Inaacha seli za kumbukumbu, ili safari ijayo usianze na moja.

Baada ya hapo majina yataingia yenyewe, kila jina likiwa na kazi yake kwenye hadithi ya mwiba.

Mwezi wa pili: mkono, na tofauti ya mtu na kosa

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote, na nakushauri usipafupishe.

Zoezi ni kutenganisha seli nyeupe kutoka kwenye damu. Chukua mililita 10 za damu isiyoganda, changanya na kiasi hichohicho cha maji ya chumvi yenye bafa. Kwenye mrija mwingine weka kwanza Fikoli kitakoni. Huu ni mchanganyiko wenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Inamisha mrija, uimimine damu juu yake polepole ikiteremka ubavuni, mpaka uone mstari mnyoofu kati ya wekundu na uwazi. Zungusha kwa nguvu mara 400 ya mvuto kwa dakika 30, joto la chumba, breki imezimwa. Mwulize mhandisi kwa nini breki izimwe. Atasema bila kusita: mashine ikisimama ghafla, kimiminika kinaendelea kuzunguka na tabaka zinavurugika. Hilo hakuhitaji kufundishwa.

Mrija ukitoka, juu pana plazma ya manjano, yaani maji ya damu yasiyo na seli, chini yake pete nyembamba ya mawingu, kisha Fikoli, na kitakoni damu nyekundu. Pete ile ndiyo unayoitaka: limfosaiti na monosaiti. Inyonye kwa pipeti kwa kuzungusha ncha kufuata ukuta wa mrija. Osha mara mbili. Changanya kidogo na rangi ya bluu ya tripani, inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, kisha hesabu chini ya darubini kwenye kioo cha kuhesabia. Kila mraba mkubwa una ujazo wa mikrolita 0.1, kwa hiyo wastani wa mraba unazidishwa kwa 10,000, kisha kwa kiwango ulichozimulia. Kwa mtu mzima mwenye afya tarajia kama seli milioni 1 au 2 kwa kila mililita ya damu.

Sasa fanya hivi. Damu ya mtu mmoja igawe mirija mitatu, na mhandisi aitenganishe yote. Siku nyingine, apewe damu ya watu watatu, mrija mmoja mmoja. Aweke matokeo yote ukutani. Tofauti ndani ya mirija mitatu ya mtu mmoja ni mkono wake, pipeti yake na bahati ya kuhesabu. Tofauti kati ya watu ina hayo yote, na juu yake ina watu wenyewe.

Bahati ya kuhesabu ina kanuni yake. Ukihesabu seli 100, kutokuwa na uhakika ni kipeuo cha pili cha 100, yaani 10, ambayo ni asilimia 10. Ukihesabu 400, ni 20, yaani asilimia 5. Mhandisi akishajua hilo ataacha kubishana juu ya 96 na 104, na ataanza kuuliza maswali ya maana: huyu wa tatu ana umri gani? Amelala? Ana ujauzito? Aliugua lini? Yule kijana wetu alipofanya zoezi hili alirudi kwenye jedwali lake mwenyewe, akarudisha ile namba aliyoifuta, na pembeni akaandika tarehe ya malaria. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema "nje ya kiwango" kabla hajauliza habari za mtu.

Weka sheria moja mwezi huu: hakuna namba inayofutwa. Inaandikwa sababu, na inabaki.

Mwezi wa tatu: mashine ya kusoma seli

Wengi wanaiita mashine ya CD4, kwa kuwa kuhesabu seli T za aina hiyo kwa wenye VVU ndiyo kazi iliyoifikisha kwenye hospitali zetu, lakini saitomita inafanya mengi zaidi. Seli zinapangwa foleni katikati ya mkondo wa maji, zinapita mbele ya leza moja moja, na kingamwili zilizopakwa rangi zing'aazo zinaonyesha kila seli imebeba nini juu yake.

Mhandisi atang'ara hapa, na ndiyo maana wengi wanakosea kwa kumleta hapa mapema. Akianzia kwenye mashine ataipenda mashine. Akija baada ya mwezi wa damu, ataijua kwa kazi yake.

Mpe mambo matatu. La kwanza, kila asubuhi kabla ya sampuli yoyote, apitishe shanga za kuhakiki (chembe ndogo zenye mwanga unaojulikana) na kuchora grafu ya kila siku ya mwanga uliosomwa. Leza inayochoka huonekana kwenye grafu hiyo wiki kadhaa kabla mashine haijalia. La pili, kuvuja kwa rangi. Rangi ya kijani haiko kijani tupu. Sehemu ya mwanga wake inaingia kwenye chujio la rangi ya chungwa, na seli yenye kitu kimoja inaonekana kama ina viwili. Marekebisho yake ni mlinganyo wa matriksi, na mhandisi aukokotoe kwa mkono mara moja kwa rangi mbili kabla ya kuiachia programu. La tatu, umeme. Apime volti za ukutani kwa wiki nzima, kisha aamue mwenyewe kifaa cha kuhifadhi umeme kiwe cha ukubwa gani.

Mwezi wa nne: hesabu ya kitu kinachoonekana kimetulia

Hili ni zoezi ninalolipenda kuliko yote. Kwa miaka mingi ilionekana kwamba baada ya homa za mwanzo VVU hutulia mwilini, kwa sababu kiasi cha virusi kwenye damu hakibadiliki sana kwa muda mrefu. Mhandisi apewe grafu hiyo iliyolala na aulizwe: kirusi kimelala?

Mwambie atazame tangi la maji juu ya paa. Maji hayapandi wala hayashuki. Inawezekana bomba zote mbili zimefungwa. Inawezekana pia zote mbili zimefunguliwa kwa nguvu sawa. Kwa kutazama tu hutajua. Funga bomba la kuingiza, upime maji yanashuka kwa kasi gani. Hapo umejua linalotoa, na kwa kuwa yalikuwa sawa, umejua na lililokuwa likiingiza.

Ndivyo walivyofanya mwaka 1995 na 1996 daktari David Ho na mwanafizikia Alan Perelson pamoja na wenzao: dawa ikafunga bomba la kuingiza, wakapima damu mara kwa mara. Kirusi kilichoko kwenye plazma kilipungua nusu kwa takriban saa 6. Ukipiga hesabu kwa mwili mzima, zilikuwa zikizalishwa chembe kama bilioni 10 kila siku, na kuondolewa bilioni 10 kila siku. Utulivu ule ulikuwa vita. Kutokana na uzalishaji wa kasi hiyo ikaeleweka kwa nini dawa moja peke yake hushindwa: makosa ya kunakili hayakosi kuzaa kirusi sugu.

Mhandisi aandike milinganyo mitatu kwa lugha ya programu ya Python: seli zisizoambukizwa, seli zilizoambukizwa, virusi. Aiendeshe mpaka itulie, kisha afunge bomba. Halafu aeleze alichoona kwa jozi yake mteknolojia, bila alama yoyote ya hesabu. Akishindwa kueleza, arudie.

Mwezi wa tano: tiba, na breki zake

Sasa ana haki ya kusoma tiba kubwa. Anza na breki. James Allison na Tasuku Honjo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba seli T zina breki, CTLA-4 na PD-1, na kwamba kuziachia kunaweza kuupa mwili nguvu ya kupigana na saratani. Mhandisi anayejua mrejesho hasi, yaani mfumo unaojipunguza wenyewe ukizidi, ataona mara moja faida na hatari.

Kisha seli za CAR-T. Seli T za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinaingizwa jeni ya kipokezi kilichotungwa na watu, zinazalishwa kwa wingi, zinagandishwa, zinarudishwa. Marekani iliidhinisha ya kwanza Agosti 2017. Mhandisi achore njia nzima kama mtambo: wapi bakteria anaweza kuingia, wapi mifuko ya wagonjwa wawili inaweza kubadilishana, nini kinatokea umeme ukikatika siku ya tano. Kubadilishana mifuko ni kosa lisilosameheka, kwa hiyo swali hilo lipewe saa nyingi.

Usimwache bila visa viwili. Mwaka 2012 mtoto Emily Whitehead, mwenye miaka 6, alipewa seli hizi huko Philadelphia kwa ajili ya saratani ya damu. Homa ikapanda, akawa mahututi, mpaka madaktari walipogundua saitokaini iitwayo IL-6 imejaa kwenye damu yake na kumpa dawa iliyozoeleka kwa ugonjwa wa baridi yabisi, tocilizumab. Akapona. Kisa cha pili ni cha London, Machi 2006: wanaume sita wenye afya waliojitolea walipewa dawa ya majaribio TGN1412, kwa kupishana dakika chache tu, na ndani ya siku moja wote wakawa wagonjwa mahututi kwa kimbunga cha saitokaini. Wote walinusurika. Nyani wa majaribio hawakuwa wameonyesha dalili hiyo, na baadaye ikajulikana kuwa aina fulani ya seli T zao haina kile kipokezi ambacho dawa ilikilenga. Waulize wahandisi: ungepanga vipi dozi ya kwanza? Wengi watasema mtu mmoja, kisha usubiri. Ndilo lililokuja kusisitizwa.

Mwezi wa sita: kazi halisi

Kwetu mlango ulio wazi zaidi ni chanjo. Chanjo mbili za malaria, RTS,S iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021 na R21 Oktoba 2023, zilipita Bagamoyo na Kilifi katika majaribio yake. Kigali, kampuni ya BioNTech ilianza mwaka 2022 kujenga kiwanda cha chanjo za mRNA ndani ya makontena. Kazi hizo zote zinataka watu wanaojua seli na wanaojua pampu.

Mpe mhandisi tatizo moja la kweli la maabara au kliniki yako, na mwezi mzima. Mfano mzuri ni jokofu la chanjo. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8, na watu wengi huogopa joto, ilhali chanjo zenye chumvi za alumini, kama ya pepopunda na ya homa ya ini B, huharibiwa na kuganda. Aweke vipimajoto vinane ndani ya jokofu: karibu na mlango, ukutani nyuma, juu, chini, na katikati ya maboksi. Aviache siku 7, akiandika kila mlango unapofunguliwa na kila umeme unapokatika. Kwenye majokofu ya kawaida ya nyumbani atakuta mara nyingi ukuta wa nyuma uko chini ya sifuri wakati kipimajoto cha mlangoni kinasoma 5.

Anayemsahihisha kazi hiyo asiwe mhandisi mwenzake. Awe muuguzi anayefungua jokofu hilo kila asubuhi na mteknolojia aliyekuwa jozi yake. Wamwulize wao, na awajibu kwa lugha yao. Ripoti yake iwe kurasa mbili zinazobandikwa kwenye mlango wa jokofu, na mchoro mmoja wa maboksi: haya yasiguse ukuta.